Tulidhani Yule wa Glavu Nyeupe ni Mkwe

Waliokuwepo ni hawa. Mimi, mwenye nyumba. Kaka yangu mkubwa, tumbo moja, ambaye bado anashuka kwenye maporomoko kila asubuhi kuangalia mitego yake ya samaki, ingawa watoto wake wamemkataza. Binti yangu wa tatu, muuguzi kwenye kituo cha afya. Mume wake, yaani bokilo wangu, mkwe, fundi wa matofali na wa mambo ya umeme. Mama wa huyo mume, aliyepanda mto kutoka Yanonge kuja kutibiwa macho. Na mjukuu wangu wa kike, mtoto wa mwanangu wa kwanza, anayesoma chuo kikuu, ananiita koko, yaani bibi, na ndiye alikuwa anatutafsiria. Watoto wadogo siwahesabu, walikuwa wanalala kabla wimbo wa mwanzo haujaisha. Majina ya wote ninayo, ya nyumbani na ya ubatizo, na ya babu zao pia. Wameniomba nisiyaweke kwenye karatasi, nimekubali. Nitawaita kwa undugu tu.

Bon. Filamu ililetwa na mjukuu kwenye flashi, vipande vingi, kwa Kifaransa. Siyo Kifaransa chetu cha hapa. Ni kile cha watu waliovaa suti, hata binti yangu aliyesoma alikuwa anapotea. Mjukuu alikaa chini karibu na televisheni, anasikia maneno mawili matatu, anaturudishia kwa Kiswahili. Wakiongea haraka alikuwa anafupisha: "Banagombana juu ya pori." Basi, tunaendelea.

Hadithi ilikuwa ya zamani, nchi ya baridi, nyumba moja kubwa kuliko parokia yetu na shule yake. Juu wanakaa wakubwa: mama mzee mjane, ambaye mali yote ni yake, mdogo wake wa kiume anayependa farasi kuliko watu, na binti mmoja ambaye umri wa kuolewa ulikuwa unampita huku anacheza kinanda. Chini, upande wa jiko, wanakaa watu wa kazi, wengi, na mpishi mwanamke mwenye mikono kama ya mpiga kasia. Mama mzee akitaka kitu anavuta kamba kule juu, kengele inalia kule chini. Kaka yangu alipoona ile kamba alisema, "Hapa kwetu kamba haina kazi. Dada yangu ana mudomo."

Watu wananiuliza, wewe mama wa Kisangani unatafuta nini kwenye mambo ya wakubwa wa Ulaya wa zamani? Nawajibu bila kutafuta maneno. Kwanza, filamu zile zina adabu ya kwenda polepole. Mtu akiingia anasalimu. Mwenye habari mbaya anangoja watu wameze. Filamu za siku hizi watu wanakimbia na bunduki, na bunduki tumeziona za kutosha mitaani hapa, hatuna haja ya kuziwekea umeme. Pili, zile zinaonyesha jiko. Filamu nyingine chakula kinafika mezani kama kimeshuka mbinguni. Hizi unamwona anayenyonyoa ndege, unamwona anayeungua, unamsikia anayegombezwa juu ya chumvi. Mimi nimepika tangu kifua changu hakijaota, na sijaona filamu nyingine inayokaa jikoni muda mrefu namna ile.

Lakini sababu kubwa ni ya tatu. Wa juu hawajui yanayosemwa chini, na wa chini hawajui yote yanayosemwa juu. Sisi tuliokaa kwenye mkeka tunajua pande mbili. Kila mtu mule ndani ana nusu ya habari, sisi tuna nzima. Utamu uko hapo, na ni utamu ambao mama mzee yeyote mwenye parcelle, kiwanja na nyumba yake, anaujua, kwa sababu wakwe wanamletea habari kwa mlango huu na watoto kwa mlango ule, naye ananyamaza, anamenya ndizi zake.

Tena kila mtu anajichagulia mtu wake. Kaka yangu, ambaye mikono yake imechubuliwa na kamba za mitego maisha yote, alimchagua yule bwana wa farasi asiyefanya kitu. "Mimi na huyu," alisema, "kama tungezaliwa tumbo moja tungepatana." Binti yangu alimchagua binti wa kinanda kwa ajili ya nguo zake. Mimi nilimchukua mama mzee, sikuona mwingine wa kunifaa. Na mama wa Yanonge alimchagua mwanaume mmoja mrefu, wa nguo nyeusi na glavu nyeupe, ambaye alikuwa anasimama karibu na mlango.

Sasa nieleze yule mrefu, maana habari yote iko kwake.

Yule mrefu hakukaa hata mara moja mbele ya mama mzee. Mama mzee akiingia, yeye anarudi nyuma hatua moja na kushusha macho. Wakila, yeye hali. Akiulizwa anajibu kwa maneno machache, na jina la mama mzee halitaji kamwe. Akimpa kitu hampi mkononi, anakiweka juu ya sahani ya fedha, mama anakichukua mwenyewe. Mimi na mama wa Yanonge tulitazama hayo tukaelewana mara moja. Kwetu sisi watu wa mto, mwanaume anayemfanyia mama mzee mambo hayo ni mmoja tu. Ni bokilo wake, aliyemwoa binti yake. Mkwe hali mbele ya mama wa mke wake, hamtazami usoni, hakai anapokaa yeye. Ndiyo heshima yetu, na bado tunaishika.

Donc tukajua kwamba yule mrefu amemwoa binti wa kinanda.

Tulikuwa tunayazungumza hayo sisi wawili kwa lugha yetu ya mto, ambayo mjukuu haijui, mama yake ni wa mbali. Ndiyo maana hakuna aliyeturudisha njiani.

"Mbona hawalali chumba kimoja?" niliuliza.

"Mwanamke ana mimba changa," mama wa Yanonge alisema. "Unaona anavyokataa supu."

"Na mahari alitoa nini?"

"Vijiko vyote vile vya fedha unafikiri vimetoka wapi? Na kila siku anavisugua mwenyewe, anaangalia kama hawajavipoteza."

Kaka yangu, ambaye lugha ile anaijua, alikuwa anaitika kwa kichwa. Alisema huyo ni mkwe mwenye moyo mgumu, miaka yote hiyo na wazee hawajafanya mkutano wa kumtoa haya ili akae na wenzake. Mama wa Yanonge alikuwa anamtazama yule mrefu kwa furaha ya mtu anayemwona ndugu. Mara kwa mara alinigusa goti. "Ule njo kama mutoto yangu," alikuwa anasema. "Hata kusimama kwake."

Maneno yake yalikuwa ya kweli, kwa sababu mwanawe alikuwa anasimama vile vile. Ukuta wa nyumba yao, ng'ambo ya soko, ulianguka wakati wa mvua, na kwa kuwa alikuwa bado anafyatua matofali ya kujenga upya, binti yangu alikuwa amerudi kwangu na watoto, na mume naye akafuata. Siyo kitu kizuri kwa mwanaume kulala kwa wakwe, lakini angelala wapi? Alilala na mke wake kwenye chumba cha nyuma, alikula nyuma ya jiko, na jioni alikuwa anatuunganishia televisheni kwenye betri ya panneau yake ya jua. Halafu anasimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, mpaka kipande kinaisha. Mimi nimekaa kwenye kiti changu katikati ya sebule, angekaa wapi? Hivyo ndivyo tulivyoishi, na mimi nilikuwa najisifu kwa majirani: bokilo wangu ana heshima.

Ikafika jioni moja ambayo mama mzee wa filamu alimwita yule mrefu kwenye chumba cha vitabu. Alikuwa amekasirika, barua fulani ilichelewa kufika. Alisema maneno, yule mrefu akainamisha kichwa.

"Anasema nini?" niliuliza.

"Anamufukuza," mjukuu alisema.

"Anamufukuza namna gani?"

"Anamufukuza kazi, koko. Mwisho wa mwezi aende."

"Kazi gani? Mutu anafukuzaka bokilo yake kazi?"

Mjukuu alisimamisha picha akageuka. "Bokilo gani?"

"Ule murefu. Bwana ya binti."

Mtoto yule alitutazama mimi na mama wa Yanonge, mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta pa kuanzia. "Koko, ule haiko bwana ya mutu. Ule iko boyi. Mukubwa wa maboyi ya nyumba, lakini iko boyi. Anafungua milango, anapeleka chai. Banamulipa."

Kaka yangu alicheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe siku zote hizi munamupigia boyi hesabu ya mahari," alisema, na kujifanya kwamba yeye alijua tangu mwanzo. Binti yangu alicheka, akalazimika kutoka nje. Mimi mwenyewe nilicheka, kwa nini nisicheke? Hata sasa nikikumbuka ile mimba ya supu nacheka.

Mama wa Yanonge hakucheka. Alikuwa amegeuza shingo anatazama mlangoni. Mwanawe alikuwa amesimama pale, mikono nyuma, macho chini, anangoja tumalize azime betri.

Asubuhi yake mimi na mama wa Yanonge tulikaa kwenye jiko la nje, tunamenya ndizi za lituma, zile za kuchemsha na kuponda. Yeye alikuwa anamenya haraka.

"Mama, mimi boti ya kesho narudi," alisema.

"Macho yako haijapona."

"Inaona. Jana njo ilianza kuona muzuri."

"Munganga alisema ungoje."

"Munganga haiko mama yangu. Narudi na mutoto yangu."

"Mutoto gani?"

"Niko na bangapi hapa kwako?"

Niliweka kisu chini. Nikamwambia kijana yuko na kazi, matofali hayajachomwa. Akasema matofali yatakauka bila yeye. Nikamwambia na mke wake je, ana kazi kwenye kituo, hawezi kuiacha kwenda Yanonge. Akasema mwanamke akitaka mume anajua njia ya mto. Alisema yote hayo bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lilinitia wasiwasi. Halafu akamaliza hivi: "Mimi sikuzaa boyi. Kwetu mutu anarudi jioni, anakaa. Hapa kwako, tangu nimekuja, sijaona mutoto yangu anakaa. Nilikuwa nasema iko heshima. Lakini kama kule kwa Bazungu ile kusimama iko kazi ya boyi, hapa kwako iko nini?"

Sikumjibu ovyo. Nilijua kilichokuwa kinaondoka. Mwanaume akipanda boti na mama yake, begi kichwani, mbele ya macho ya watu wa soko, harudi tena kirahisi. Huko kwao wajomba watamkalisha, watamtafutia shamba, watasema mji umemdharau. Na binti yangu atabaki kwangu na watoto, siyo mjane wala aliyeachwa. Nilimsikia nyuma ya ukuta anafua. Alikuwa amesikia yote, na alikuwa anasugua nguo moja ile ile.

Mchana nilimwita mkwe. Sisi hatuongei uso kwa uso. Yeye alisimama nyuma ya mlango wa jiko, mimi nikakaa upande huu, na binti yangu katikati, akitupitishia maneno, ingawa kila mtu alikuwa anasikia kila kitu.

"Mwambie mume wako," nilisema, "nimesikia anataka kusafiri."

"Anasema umesikia unataka kusafiri," binti yangu alisema.

"Mwambie mama mimi sikutaka. Mama yangu njo anataka."

"Anasema..."

"Nimesikia. Muulize, yeye mwenyewe, kusimama kule kunamuuma?"

Sauti ikaja, ndogo. "Mwambie mama, mwanzo haikuniuma. Nilikuwa nasimama juu ya kumuheshimu. Lakini jana ile neno ilisemwa mbele ya batu, na batu bakacheka. Sasa nikisimama, nitakuwa nasimama kama nani?"

Binti yangu hakupitisha hayo. Alitazama chini tu.

Kaka yangu, nilipomweleza, alisema njia ni moja: wazee wamtoe haya, mkwe alete kuku, tule naye, akae popote. Ni kweli, ndivyo inavyofanywa. Lakini hilo linataka baba zake wadogo wapande mto kutoka kwao, wazee wa pande mbili wakubaliane siku, na boti ilikuwa ya kesho. Tena mkwe mwenyewe alikuwa amesema, kupitia mke wake, kwamba hataki kutolewa haya kwa haraka kama mtu anayehurumiwa. Hapo nilimwona mwanaume.

Nilikaa peke yangu nikaichambua ile sheria kama samaki, mfupa huku, nyama huku. Inasema nini hasa? Inasema mimi na yeye tusitazamane. Inasema tusile macho kwa macho. Basi. Haisemi kwamba mimi nikae kwenye kiti na yeye asimame. Haisemi kwamba sebule ni yangu. Hayo ya kiti na katikati ya sebule niliyaweka mwenyewe, kwa sababu magoti yananiuma na hakuna aliyenikataza.

Jioni niliingia chumbani kwangu nikamwambia binti yangu anisaidie kutoa kiti cha marehemu mume wangu. Ni kiti kikubwa cha mbao nzito, chenye mikono, alikichonga mwenyewe, na tangu tumzike hakuna aliyekikalia, nilikuwa nakiwekea nguo. Tulikisukuma mpaka nyuma kabisa ya sebule, kikatazama televisheni. Changu nilikipeleka nje. Halafu nikatandika mkeka mbele, karibu na kioo, nikakaa chini, uso kwa televisheni, mgongo kwa nyumba nzima.

Kaka yangu alifika akasimama. "Kiti ya shemeji yangu inafanya nini pale?"

"Inangoja mutu."

"Watu watasema."

"Ile iko kiti ya mwenye nyumba, kaka. Mwenye nyumba ni mimi. Nampa ninayemutaka."

"Na magoti yako?"

"Magoti nimeyaambia yavumilie."

Kaka alikaa kando ya mama wa Yanonge. Binti yangu alileta sahani: yangu akaiweka mbele yangu, lituma na samaki, na nyingine, nilisikia, akaipeleka nyuma akaiweka karibu na kile kiti. Mkwe aliunganisha betri. Nilisikia miguu yake inarudi mlangoni, inasimama pale pale pa siku zote. Mjukuu alishika rimoti.

"Nianzishe, koko?"

"Hatuanzi mpaka wote wamekaa," nilisema.

Mjukuu aliteremsha rimoti. Sikugeuka. Nilitazama kioo cheusi cha televisheni. Kaka yangu alikohoa. Nilifikiri kwamba kama hatakaa, kesho nitasindikiza watu wawili mtoni, na binti yangu hatanisemesha muda mrefu, na atakuwa na haki. Nikamega lituma nikala, nisionekane nangoja.

Halafu nilisikia mbao. Kile kiti kinalia mtu akikikalia, kililia hivyo hata kwa mume wangu.

"Anzisha," nilisema.

Kipande kile hata sikukifuata vizuri. Najua tu kwamba yule mrefu hakuondoka, mama mzee alijirudi. Katikati kaka yangu aliuliza bila kugeuka, "Papa wa pale nyuma, unaona muzuri?" Sauti ikajibu, "Naona, tonton," yaani mjomba. Nikasikia pia kijiko. Donc mimi na mkwe wangu tulikula chumba kimoja jioni ile, na hakuna sheria iliyovunjika, nenda ukaulize wazee wowote.

Asubuhi mama wa Yanonge alipanda boti na begi moja, la kwake. Mwanawe alimshusha mpaka mtoni akarudi kwenye matofali yake. Mimi nilimsindikiza pia, kwa mbali kidogo kwa ajili ya mkwe. Kabla hajakanyaga ubao alinishika mkono.

"Nitarudi kwa munganga," alisema. "Na nitaangalia kama kile kiti hakijarudi kwa manguo."

"Uje ukiwa umeacha yule boyi wako," nilimwambia.

"Ule boyi," alisema, "mpaka leo naona alikuwa bokilo."

Nyumba ya binti yangu na mume wake sasa imefika kwenye madirisha. Siku wakihama, kiti kitaenda nao, nimekwisha kusema. Mimi nimezoea mkeka, na kwa kweli kwa karibu namna ile naona hata vifungo vya nguo za wakubwa.

Jambo moja tu sina uhakika nalo. Kaka yangu anasema mkwe alikaa niliposema neno langu, hapo hapo. Binti yangu anasema hapana, mama wa mume wake alimfanyia ishara ya mkono kwanza. Mjukuu anasema alikuwa amekwisha kukaa hata kabla sijasema, na kwamba nilichosikia ni kiti kinalia akichukua sahani. Mimi mgongo wangu ulikuwa kwake, siwezi kuapa. Waliokuwepo ni wale niliowataja mwanzo. Kama nimepindisha, au kama kuna aliyekuwa dirishani ambaye sikumwona, anisahihishe, mlango wangu mnaujua.